Tuta la Barni

Zamani hizo, kabla bendera ya mgeni yeyote haijapepea pwani ya Banadiri, watu wa ukoo wa Gobale walikaa kando ya Mto Shabelle, na kwa majivuno hawakuwa na mfano. Siwalaumu. Mfereji wao waliuchimba vizazi vitatu, kwa majembe na vikapu, mpaka nchi ya miiba ikawa nchi ya mtama, ufuta na pamba. Mgobale akikutembeza shambani mwake, ujue huli chakula cha mchana mpaka umesifu kila kitu.

Msimamizi wa maji yao alikuwa Shirwa Abikar, mtu mrefu, mkali, asiyecheka mbele za watu. Sheria aliyoilinda ilikuwa moja: tuta la mfereji halikatwi na mtu yeyote, hata awe sultani, ila mwenye shamba lililo chini yake, tena pigo la kwanza liwe la mkono wake mwenyewe.

Mwaka mmoja, mavuno yakiwa yamebakiza siku chache, Garadi Libani, mkuu wa wafugaji wa nyika, aliteremka na wapiganaji mia sita. Kila mmoja alikuwa na mikuki miwili na ngao ya ngozi ya choroa. Nyuma yao walikuja ngamia mia tatu wenye mifuko mitupu ya ngozi, na mifuko hiyo iliwakera Wagobale kuliko mikuki. Garadi akapiga kambi bondeni, chini ya mfereji, penye malisho mazuri, kisha akatuma mjumbe: apewe nusu ya mavuno mwaka huu na kila mwaka, ama sivyo mji utateketezwa. Akawapa siku tatu.

Wagobale walikuwa na wanaume mia mbili tu wa kushika silaha.

"Tukitoa mwaka huu," Shirwa aliwaambia wazee, "wajukuu zetu watakuwa vibarua wa Garadi katika ardhi yao wenyewe."

Siku ya pili asubuhi alikwenda mtoni. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja, lakini maji yalikuwa mekundu, yamebeba povu na matawi ya miti isiyoota nchi ile. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kwenye milima ya Uhabeshi, na mto ulikuwa unapanda. Garadi, mfugaji mwana wa mfugaji, aliyazoea maji yatokayo mawinguni. Aliitazama mbingu tupu, akalala usingizi wake vizuri, wala hakutuma mtu kuuangalia mto.

Shirwa akaenda mbio kwa Barni Muhumed, mjane mwenye mashamba yote ya bondeni, yaliyolisha nusu ya mji.

"Shangazi, mto umejaa. Ukikata tuta lako, Garadi atanasa kwenye tope."

"Na mtama wangu?"

"Utakwenda wote."

Barni aligeuka kulitazama shamba lake. "Mwaka huu umenipita kimo, Shirwa. Masuke yake umeyaona?"

"Nimeyaona. Mto huu wote hauna mtama kama ule."

"Nilitaka uliseme hilo," akajibu, akajifunga kibwebwe na kuchukua jembe.

Adhuhuri, maadui wakiwa wamejipumzisha kivulini, Barni alilipiga tuta mara tatu, na wanaume mia mbili wakalimaliza. Maji yakashuka kwa kishindo. Ngamia ni bwana wa mchanga, lakini udongo mweusi ukilowa hana ujanja nao, miguu humteleza kila upande. Haukupita muda mrefu, nusu yao walikuwa wamelala chini wakilia, na wapiganaji wamezama mpaka magotini, wakiwatazama Wagobale wenye mikuki juu ya tuta.

"Garadi!" Shirwa aliita. "Vita au amani?"

"Amani," Garadi alijibu, naye alikuwa muungwana hata topeni. "Nimepigana na watu wengi. Sijapata kuona watu wanaozamisha chakula chao wenyewe."

"Chakula ni cha mwaka mmoja. Ardhi ni yetu."

Garadi aliapa kwa Msahafu kwamba yeye na kizazi chake hawatadai tena hata punje. Kisha wapiganaji wake wakalijenga upya tuta lile kwa siku tisa, wakaondoka na mifuko yao vilevile mitupu.

Mji mzima ulipokuwa ukicheza ngoma, Shirwa alimkuta Barni peke yake kandokando ya shamba, analia.

"Shangazi, tumeshinda."

"Najua tumeshinda. Niache niulilie mtama wangu leo. Kesho uniletee mbegu."

Akamletea. Mwaka ule Wagobale walionja njaa kweli, lakini hakuna aliyehama. Washairi walimtungia Shirwa mashairi mengi, na mengine yanaimbwa mpaka leo. Barni hawakumtungia hata moja, kwa kuwa kila walipomwendea walimkuta ana kazi.