Namba Kumi na Mbili

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huongoza majirani kupanda vilima vya msituni, mwendo wa saa moja tu kutoka mjini. Safari hiyo tulikuwa kumi na wawili. Shemeji alimshonea kila mtu kitambaa chenye namba cha kuvaa kifuani. Mimi kumi na moja. Dada yangu, mkewe, kumi na mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika mkia. Mbili yake ilipinda. Sindano ilikatika katikati ya kushona.

"Fundi mzima unanivalisha kilema!" dada alimtania, watu wakacheka.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Kila kituo cha kupumzika tunaita namba, na kila mtu anawajibika kwa aliye nyuma yake. Kwa hiyo dada alikuwa wangu.

Lakini asubuhi ile alinisema mbele ya watu kwamba natembea kama bibi harusi. Nikanuna. Nikaapa simsemeshi mpaka nyumbani. Nilikuwa mjinga, nakiri.

Tulipoanza kushuka, ukungu ukatufunika. Nikasikia ananiita, mara moja, kwa mbali kidogo. Sikugeuka. Baadaye nikasikia nyayo zake nyuma yangu, karibu, moyo ukatulia.

Kituo cha kwanza tukaita namba.

"Kumi na moja," nikasema.

"Kumi na mbili," nikajibiwa kisogoni.

Cha pili, vilevile. Ndani ya basi dogo tulilokodi, vilevile, sauti ikitoka kiti cha nyuma kabisa, anakopenda kulala. Sikugeuka hata hapo.

Basi lilisimama kwanza mlangoni petu, tunapoishi sote watatu. Tukashuka mimi na shemeji. Dada hakushuka. Shemeji akarudi kumwamsha. Kiti kilikuwa kitupu, kimeloa chepechepe. Juu yake kulikuwa na kitambaa, namba kumi na mbili.

"Mama ameshashuka," dereva akasema. "Kapitia mlango wa nyuma. Kaingia ndani."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Tuliufunga wenyewe asubuhi.

Tukapekua vyumba vyote, uvungu wa vitanda, kabati. Hakuna mtu. Shemeji alikuwa akimwita mkewe, na mimi nikaanza kulia. Ndipo simu yake ikaita. Alikuwa askari wa msitu.

"Kuna mama tumembeba mpaka hapa getini, kavunjika mguu. Anasema mmemwacha juu."

Shemeji alirudi na basi lilelile. Alimleta dada jioni, kapitia hospitali, mguu umefungwa plasta. Kifuani alikuwa na kitambaa chake. Namba kumi na mbili.

Shemeji akaviweka vitambaa vyote viwili mezani. Mbili zote zimepinda. Akavigeuza, akatazama fundo la uzi, lilelile kwa vyote viwili, kisha akakaa chini.

"Sindano ilikatika mara moja tu," akanong'ona.

Dada hakuvitazama. Alinitazama mimi.

"Nilikuita."

"Nilisikia," nikasema. "Nisamehe."

Kisha akaniinamia sikioni.

"Dereva alimwona akiingia humu. Nani alimwona akitoka?"

Shemeji alivichoma vitambaa vyote viwili uani. Kimoja kiliwaka mara moja. Kingine kilitoa moshi tu, mpaka akakimwagia mafuta ya taa.

Wiki ya tatu sasa. Dada bado anatembea kwa magongo, na sauti ya mwendo wake naijua kutoka chumba chochote: gongo, mguu, gongo, mguu. Jana mchana nilikuwa napita koridoni na nguo za kufua. Nyuma yangu nikasikia nyayo. Miguu miwili, mizima, karibu.

Nikadhani ni shemeji. Halafu nikasikia cherehani yake ikilia barazani, na dada akimcheka huko huko.

Safari hii niligeuka. Hakukuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imeloa, mpaka kwenye visigino vyangu.