Mchanga wa Kiroboto

Kwaru, kwaru, kwaru.

Sindano alifumbua macho gizani. Sauti ilitoka pembeni mwa chumba, penye tenga la wanasesere. Mama naye alikwisha amka; akawasha taa.

Paka wa jirani alikuwa amejikita juu ya wanasesere, anafukia kwa kucha kitu ambacho heri kisitajwe.

"Toka! Toka, huna haya!" Mama alirusha kandambili. Paka akaruka dirishani, akaacha harufu ya kukata pumzi.

Mama alimwinua mwanasesere mmoja kwa ncha za vidole. Kioevu cha manjano kikamdondoka miguuni. Sindano akaziba pua.

Wanasesere wale, ambao Mama aliwashona na kuwauza, wote walikuwa na sura moja: sura ya mdogo wake Mama, aliyeitwa Kiroboto kwa sababu hakutulia hata akilala. Mmoja alikuwa na mashavu yaliyovimba, kama siku Kiroboto alipokamatwa na sukari mdomoni. Mwingine alivaa shati nyuma mbele. Wa tatu alitoa ulimi, kama Kiroboto alivyomtolea fundi cherehani mmoja akidhani haonekani. Watu waliwapenda kwa utundu wao, na pia kwa sababu waliweza kuketi bila kuanguka. Siri ilikuwa kifuko cha mchanga kilichoshonewa makalioni.

Kazi ya mchanga ilikuwa ya Sindano. Kila Jumamosi aliuchekecha, akauosha maji matatu, kisha akaukaanga kwenye sufuria kuukuu mpaka ukawa mkavu na moto. Lakini Jumamosi iliyopita wenzake walikuwa wanaruka kamba nje. "Sindano, unapika mchanga? Mtaula na nini leo?" walimcheka. Basi akachota ndoo moja kwenye lundo la mchanga la mwashi, ng'ambo ya njia, akajaza vifuko vyote kumi na viwili, akavishona fasta. Alijua fika kwamba paka wa mtaa mzima hujisaidia palepale. Lakini ndani ya kitambaa, nani ataona?

Paka ndiye aliyenusa. Alipokuta choo chake kimehamia ndani ya nyumba, akakifuata.

"Ulikaanga vizuri, mwanangu?" Mama aliuliza.

"Nilikaanga, Mama."

"Basi ni huyu paka tu kaniharibia kazi. Wanane wameharibika. Afadhali wale wanne tuliwapeleka chekechea jana."

Mama alikata mshono mmoja ili aokoe angalau kitambaa. Mchanga ukamwagika kwenye beseni, na pamoja nao madonge meusi, mengine yana unyevu bado, yamegandwa na manyoya. Funza mweupe akajikunja juu ya donge moja. Sindano alikimbilia nje akatapika.

Mama alimfuata na kata ya maji. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Sindano.

"Unajua Kiroboto alikufaje?" alisema polepole. "Alitia kila kitu mdomoni. Udongo, vifungo, chochote. Alikuwa na miaka minne. Aliharisha siku tatu. Siku ya nne nikaamka, godoro lake tupu."

Sindano aliwaona akilini watoto wa chekechea, vidole na midomo yao. Akamweleza Mama kila kitu, mpaka ule uongo wa dakika chache zilizopita. Mama akafunga leso kichwani. "Vaa viatu."

Walipofika chekechea kulikuwa kumeshakucha. Mtoto mmoja mnene, kamasi mpaka kidevuni, alikuwa amejaza mguu wa mwanasesere mdomoni, anaunyonya kama muwa. Kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa. Sindano alitaka kufumba macho, lakini akamwendea, akamnyang'anya, akampeleka bombani huku mtoto akipiga kelele. Akamsafisha mdomo, kisha akamwosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye kucha. Akawafuata wengine watatu, akawaosha mmoja mmoja. Mama akawatia wanasesere wote kwenye mfuko na kuukaza fundo.

"Wazazi waambiwe," Mama alimwambia mwalimu. "Mtoto akiumwa tumbo, asingojee kesho, aende zahanati. Nami nitashona wengine, mchanga nitaukaanga mwenyewe." Kisha akamgeukia Sindano. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kazi ambayo macho hayaioni ndiyo ya kufanywa kwa uaminifu zaidi, mwanangu, kwa sababu mwenzako hana namna ya kuikagua. Anakuamini tu."

Mwalimu alikuwa ameziba pua kwa upindo wa gauni. "Lakini fundi, kulikoni? Kazi yako ni safi siku zote. Au ni wale paka wa mtaani kwenu?"

Mama alimtazama Sindano. Watoto walisimama, mikono ikiwachuruzika maji. Sindano akanyanyua uso.

"Si paka, mwalimu, ni mimi niliyejaza mchanga mchafu."