Sindano za Mzee Suldan

Kila asubuhi, kabla jua la kambi ya Kakuma halijawa kali, Aisho humdunga mumewe sindano. Mzee Suldan ana kisukari. Dawa yake ya insulini hukaa kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji, isiharibiwe na joto. Aisho humdunga tumboni, polepole. Suldan hufumba macho na kuuliza kama bado, hata kama mkewe amemaliza kitambo.

Sindano iliyotumika, Aisho alikuwa akiitia kwenye gunia la taka pamoja na majivu na maganda ya viazi. Hakuona ubaya. Ni kitu kidogo, tena chembamba.

Aliyekuwa akienda kulitupa gunia hilo ni Awoi, mama wa Kiturkana anayewaletea kuni. Yeye na Aisho wamezoeana. Akifika husalimiana, "Ejok," kisha hunywa chai ya maziwa, mtoto wake Ekwam akiwa amelala mgongoni.

Siku moja Awoi aliinua gunia, akasita. Sindano ilikuwa imetoboa gunia na kumwingia kidoleni.

"Mama Fathia, kitu imenidunga," alimwambia Aisho kwa sauti ndogo.

Aisho alipoiona ile sindano, alijua ni ya mumewe. Awoi alikuwa anakikamua kidole ili damu itoke. Hawakungoja. Aisho alimchukua Ekwam, wakaenda kliniki.

Muuguzi Nakuleu alimwosha Awoi kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka. Akamwambia asikikamue wala kukinyonya.

"Sasa mimi pia nitapata sukari?" Awoi aliuliza. "Huyu mtoto ananyonya."

"Kisukari hakiambukizwi kwa sindano," Nakuleu alijibu. "Lakini damu hubeba magonjwa mengine, kama ukimwi na homa ya ini. Umefanya vizuri kuja mara moja. Dawa ya kuzuia ukimwi haitaki kucheleweshwa."

Alisema angependa kupima damu ya Awoi, na ya Suldan pia, ikiwa mzee atakubali. Aisho akarudi nyumbani kumweleza mumewe. Suldan alimsikiliza mpaka mwisho, akatafuta fimbo yake. Hakungoja jua lipungue. Alifika kliniki akihema, akaketi kwenye benchi kando ya Awoi.

"Binti yangu," alimwambia, "hii sindano inaniponya mimi. Sikutaka ikuumize wewe."

"Najua, mzee," Awoi alisema. "Hukujua tu."

Majibu yalipotoka, damu ya Suldan haikuwa na magonjwa yale, wala ya Awoi, kwa hiyo dawa ya kuzuia ukimwi haikuhitajika. Aisho alilia, ingawa habari zilikuwa njema. Nakuleu alimchanja Awoi kinga ya homa ya ini, akamwambia aendelee kunyonyesha na arudi kupimwa tena. Kisha akawaeleza wote watatu la kufanya na sindano.

"Msizitupe na taka. Msizichome moto nyumbani, wala msizitie chooni. Tafuteni chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ile ya sabuni ya maji. Ukimaliza kudunga, itie humo papo hapo. Usiirudishie kifuniko chake, maana hapo ndipo watu hujichoma. Chupa isijae mpaka juu. Ifungeni vizuri, mtuletee."

Aisho aliuliza zinapelekwa wapi. Nakuleu alisema gari linaloleta dawa huzipeleka mjini Lodwar, zikachomwe kwenye tanuri lenye moto mkali sana.

Siku hiyohiyo Aisho alisafisha chupa. Suldan alichora sindano ubavuni mwa chupa, wajue hata wasiosoma. Wakaiweka juu, watoto wasiifikie. Tangu hapo Suldan huitia sindano mwenyewe kwenye chupa, na chupa ikikaribia kujaa huipeleka kliniki kwa mkono wake.

Awoi alirudi kupimwa. Alikuwa mzima, na Ekwam ananenepa.

Bado anabeba taka za watu, lakini sasa huuliza kwanza kila mlangoni, "Hapa kuna mtu wa sindano?" Wengine walimshangaa. Aliwaonyesha kidole chake na kuwasimulia. Juzi aliuliza nyumbani kwa Rooda, ambaye mama yake pia ana kisukari. Rooda alimshika mkono, akamwingiza ndani, akamwonyesha chupa ya sindano iliyofungwa, juu ya kabati. Awoi akacheka, akaliinua gunia kichwani na kwenda zake.