Hodi ya Mlango Uliozibwa

Saida na mumewe Maulidi walipanga fleti ya chini pale Tangini, Kibaha, pamoja na binti yao Raudha wa miaka miwili. Chumba kimoja, sebule ya kupishana kwa mabega, na jiko lenye mlango wa uani. Ndipo wakaamua: mlango uzibwe, jiko lipate ukuta mzima wa kuwekea meza ya kukunja, cherehani na kitanda cha mtoto.

"Dada, hapa utapika, utashona, utalaza mtoto. Bado harusi tu!" fundi Hamidu alimtania, akipanga tofali la mwisho.

Saida alicheka, kiganja mdomoni. Alikuwa na haya tangu utoto.

Hamidu alipoondoka, jirani yao Kidawa aliutazama ukuta, akanong'ona.

"Bibi Mwanne, aliyepanga kabla yenu, alitokea mlango huo kwenda kuchukua mkaa. Hajarudi mpaka leo. Nanyi mmemzibia? Mwenzangu, ukisikia hodi hapo, usiitikie. Hodi ni tatu. Ya tatu ikijibiwa, mgeni ameshaingia."

Kesho yake adhuhuri Maulidi alikuwa kazini. Saida alishona. Raudha alichezea vifungo kitandani.

"Hodi."

"Karibu," Saida alijibu. Ulimi ulishazoea. Akafungua mlango wa mbele. Hapakuwa na mtu.

"Hodi."

Sauti ya kikongwe. Ilitoka ukutani.

Saida aliziba mdomo kwa mikono miwili. Plasta ilikuwa bado mbichi. Ilinuka mkaa.

"Hodi, wenyewe."

Saida akageukia kitanda.

Raudha akainua uso. Akatabasamu, kama alivyofundishwa kupokea wageni.

"Kaibu, bibi."

Saida alimnyakua mwanawe. Akaziona chini ya ukuta. Kandambili za bluu, mkanda mmoja umefungwa kwa waya, zimepangwa vizuri kama zivuliwavyo mlangoni. Soli zake zilikuwa na saruji mbichi.

Jioni, bila kumsubiri Maulidi, walifika kwa mama yake Saida, Bi Mwanamvua, huko Kibuta, Kisarawe. Walilala kitanda kimoja, Saida na Raudha. Mtoto alijibana ukutani, kama anayempisha mtu.

Asubuhi Bi Mwanamvua alifagia baraza. Ufagio ukasimama.

"Saida, mwanangu," aliita. "Jana mlikuja wawili, siyo? Hizi kandambili zenye waya za nani?"