Alama Ndogo Juu ya Neno

Kila siku baada ya masomo, Mumbua alipeleka maji kwenye zahanati ya kanisa, nje kidogo ya Kibwezi, kisha akabaki kufundishwa Kihispania na Sista Inés, nesi aliyetoka Uhispania. Maji yaliitwa agua, homa fiebre. Hata majina ya watu yalibadilika: Jonah akawa Jonás. Msichana huyo alishika maneno upesi, na majirani walimsifu.

Agosti ya mwaka 1987, shule zikiwa zimefungwa, alikuja daktari mgeni, Julián, asiyejua Kiswahili hata kidogo. Sista Inés alimwomba Mumbua aandike ubaoni maneno ya wagonjwa, Kiswahili huku na Kihispania kule.

"Usiache hizi alama juu ya herufi," alimwonya.

Lakini nje wenzake walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nao wakimwita. Mumbua aliandika mbiombio, alama zote akaziacha. Nani angezitazama?

Kesho yake Sista alikwenda Makindu kuchukua dawa. Kalondu, jirani wa kina Mumbua, aliingia na mtoto wake Jonah, amelala kimya mgongoni ndani ya leso. Daktari alimwonyesha ubao. Kalondu akaweka kidole kwenye maneno "mtoto mchanga". Daktari akasoma upande wa pili: bebe.

"¡Bebe! Bien, bien," alisema kwa furaha, akamwita mgonjwa mwingine.

Mumbua, aliyekuwa akimimina maji, alishtuka. Bebé ni mtoto mchanga. Bebe, bila alama, ni "anakunywa". Daktari alidhani mtoto ananyonya vizuri!

"Mama Jonah, kwani ananyonya?"

"Wapi! Tangu jana anaharisha, na ziwa amelikataa."

Benchi lilijaa watu, na wote walijua ni nani aliyeandika ubao ule. Uso wa Mumbua uliwaka kwa aibu. Hata hivyo alimfuata daktari, akamshika mkono.

"¡Doctor, no! ¡El bebé no bebe!" Akachukua chaki, akaiweka alama mahali pake. Kisha akawageukia watu. "Kosa ni langu. Niliandika vibaya."

Daktari alimfungua mtoto haraka, akaifinya ngozi ya tumbo kuona kama maji yamemwishia mwilini, akaagiza maji yenye chumvi na sukari. Kalondu alimnywesha kijiko baada ya kijiko. Alasiri Jonah alilia kwa nguvu akitafuta ziwa, na benchi zima likacheka kwa raha.

Sista aliporudi, Mumbua alimsimulia yote kabla hajaulizwa. Alikuwa amekwisha kuufuta ubao na kuuandika upya, neno kwa neno.

Sista aliusoma wote polepole. "Kazi ya nusunusu, Mumbua, humwumiza mtu ambaye hata hakujua umeilipua. Hilo umeliona leo. Lakini kusimama mbele ya watu ukasema 'kosa ni langu', wakati ungeweza kunyamaza, hilo hata sisi wakubwa linatushinda. Watu hukusifu kwa kujua Kihispania. Mimi nakuheshimu kwa hili."

Mumbua aliinamisha kichwa, akitabasamu.