Akupigaye kwa Dhiki

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki? Mimi nasema akupigaye kwa dhiki. Nisikilizeni.

Rungu la kwanza lilinipata begani. La pili mdomoni... nikatema jino kwenye majani chai.

Tulikuwa tukirekodi filamu ya kuchekesha karibu na Roret. Mimi Chelangat ndiye nyota: mchuma chai anayefanana na mwizi wa ng'ombe. Siku hiyo nilikuwa navuta ng'ombe, kikapu mgongoni. Mwenye ng'ombe alijua. Majirani hawakujua. Dairekta wetu, Kipruto, alikuwa amejificha vichakani na mpiga kamera.

Mama mmoja akaniona, akapiga nduru.

Kwetu nduru ya ng'ombe haiulizi maswali. Wanaume walitoka na marungu, wakaanza kunipiga. Mmoja na panga.

Nililia kwamba ni filamu. Filamu gani, na kamera haionekani?

Ndipo akaja Jerusa, mchuma chai wa kweli, aliyepewa sentensi moja tu kwenye filamu kama mama mkwe wangu. Akampokonya mtu rungu.

"Tokeni hapa. Huyu ni bibi ya kijana yangu. Mimi ndio nitamchapa."

Akanichapa! Huku akiutukana ukoo wangu wote, mpaka wale wanaume wakaanza kucheka, wakashusha silaha.

Kipruto alijitokeza baadaye. Eti woga ulimkaba, sauti ikagoma.

Miezi minne sikumsalimia Jerusa. Aliniletea mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, nikawamwagia mbwa.

Juzi filamu ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa kanisa. Hadithi ni nyepesi kama strungi, chai isiyo na maziwa, lakini Jerusa alipotokea, watu walicheka hadi viti vikaanguka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama rungu lake. Kila pigo lilitua kwenye kikapu. Kila pigo! Na panga lilipoinuka juu ya shingo yangu, mgongo wake ndio ulioziba njia.

Kisha, chini ya kelele, nikasikia sauti nyuma ya kamera. Tulivu kabisa.

"Usizime. Hii ndiyo watu watapenda."

Kipruto. Yule aliyekabwa na woga.

Alikuwa ameketi mbele, anapigiwa makofi. Nilimpiga kwa kiti hadi pua ikalala upande. Ni Jerusa aliyenivuta nyuma, na mara hii nilikubali mikono yake.

Ukipigwa, ndugu msomaji, usimtazame anayepiga tu. Mtafute anayetazama.

Jerusa nimemwomba msamaha, kwa magoti. Kipruto naye anadai msamaha wa pua yake, mbele ya wazee.

Hapati.