Pete Isiyo na Pini

Anayetaka kubisha abishe, lakini kwanza aje karakana nimwonyeshe kopo. Haya sikuhadithiwa barazani. Yalimpata shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea na kunifundisha kazi.

Kazi yetu ni kutengeneza pingu za kunyanyulia mizigo: chuma kilichopindwa kama mkono wa ndoo, na pini ya kuskurubu inayofunga mdomo wake. Winchi ikiinua injini ya lori, pingu ndiyo inayoshika mnyororo. Shangazi alikaza pini mpaka mwisho, kisha akairudisha kidogo isije ikang'ang'ania.

"Kinachofungwa lazima kifunguke," alizoea kusema. "Kisichofunguka si ufundi, ni roho mbaya."

Asubuhi moja muuza chuma chakavu alituletea gunia kutoka gereza kuukuu lililokuwa likibomolewa. Shangazi alichambua huku akimtania kwamba mizani yake ina kutu kuliko mzigo. Ndani akakuta pingu ya aina nyingine, pete nzito ya kumfunga mtu mguu. Haina pini, haina tundu la ufunguo. Mdomo wake ulifungwa kwa riveti, msumari mnene uliopondwa kichwa ungali moto.

"Tazama," akaninong'oneza. "Haijawahi kukatwa. Sasa aliyeivaa alitokaje?"

Upande wa ndani uling'aa kwa kusuguliwa na ngozi ya mtu. Muuza chuma akakumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Mchana, shangazi alipotaka kwenda kula, mguu wa kulia ulimgomea mlangoni. Nikadhani ni ganzi. Nikamshika mkono, nikavuta. Wapi! Ndani alitembea vizuri kabisa, ila kizingiti kilimshinda. Akapandisha gauni. Kifundo kilikuwa na mduara mwekundu, na ngozi ilikuwa ikibonyea polepole, mbele ya macho yangu, bila kitu chochote kuigusa.

Kisha tukasikia funguo.

Zilikuwa nyuma yetu. Mtu anatembea taratibu, shada la funguo kiunoni. Tukageuka. Hakuna mtu.

"Kaa," sauti ya kiume ikanong'ona.

Siwafichi, nilitaka kukimbia. "Shangazi, tuirudishe ilikotoka."

"Tumrudishie nani? Huyu?" Machozi yalimlengalenga, lakini ya hasira. "Miguu hii nimezaliwa nayo. Nipe msumeno!"

Akaibana pete kwenye jiliwa, akaanza kukata riveti. Akivuta msumeno, funguo zinasogea. Akivuta, zinasogea. Mguu wake ukageuka rangi ya majivu. Nikahisi pumzi ya baridi shingoni.

"Kaa." Safari hii ilikuwa sikioni mwangu.

"Kaa mwenyewe!" shangazi akafoka. "Mimi nina kazi!"

Riveti ikakatika. Pete ikafunguka. Kimya.

Shangazi akavuka kizingiti. Akarudi ndani, akavuka tena, makusudi, kama mtoto anayemchokoza mwenzake. Nilicheka huku nalia.

Kesho yake tuliikuta pete imefungwa. Riveti ilikuwa mpya, bado ya moto, na tanuri letu lilikuwa baridi tangu juzi.

"Tukaitupe mbali," nikasihi.

"Ili aiokote nani? Mtu asiye na msumeno?"

Akaikata. Usiku ikajifunga. Akaikata tena. Ikawa ndiyo desturi yake kila asubuhi kabla ya chai, miaka na miaka, hata alipoanza kukohoa na mikono kutetemeka. Kila kichwa cha riveti alikitupia koponi. "Tutaona nani atachoka kwanza," alikuwa akisema, na kopo likilia aliridhika.

Mwaka huu shangazi alifariki. Siku zote za msiba sikukanyaga karakana. Nilikuwa nikijitazama kifundo kila nikiamka, nikijua pete imefungwa kule na zamu sasa ni yangu. Hatimaye nikajisemea, hakulea mwoga yule mama. Nikachukua ufunguo wa mlango, ambao ninao mimi peke yangu, nikaenda.

Pete ilikuwa kwenye jiliwa, wazi.

Juu ya kopo palikuwa na vichwa vipya vya riveti, vinang'aa. Nikanyoosha mkono nikagusa msumeno wa shangazi. Meno yake yalikuwa bado ya moto.